Historia ya Mjumbe Asiyeonekana

Tangu zamani, mtu aliyetaka kujua jambo lililo mbali alikuwa na njia mbili tu: ama aende mwenyewe, ama atume mjumbe. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka kujua bei ya karafuu Unguja alingoja jahazi, na jahazi nalo lilingoja upepo. Habari ilipofika, yamkini bei yenyewe ilikwisha kubadilika. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na tangu hapo neno liliweza kutangulia mbele ya meli yoyote. Walakini hata waya ule haukuondoa haja ya mtu. Upande wa pili ilikuwa lazima awepo karani mwenye macho ya kusoma swali, miguu ya kwenda kutafuta jibu, na mkono wa kulipiga kwenye mtambo. Karani akilala, swali nalo lililala.

Habari nitakayoisimulia hapa ni ya jinsi karani huyo alivyoondolewa, na mahali pake pakashikwa na maandishi. Leo mwanafunzi aliye Kitale hufungua ukurasa katika simu yake apate kujua kama mvua itanyesha kesho. Ukurasa huo hauna habari za mvua ndani yake. Una amri chache zilizoandikwa, ambazo mafundi huziita skripti, nazo humtuma mjumbe asiyeonekana kwenda kwenye seva, yaani kompyuta iliyowekwa mahali pengine, pengine hata nchi nyingine, ambayo kazi yake ni kungoja maswali na kuyajibu. Mjumbe huenda, hubisha hodi, huuliza, hupewa, hurudi. Na yote hayo huisha kabla mwanafunzi hajavuta pumzi ya pili. Jambo likiwa jepesi namna hii, ni rahisi kudhani kwamba lilikuwako siku zote. Halikuwako. Lilijengwa kidogo kidogo, na watu waliolijenga aghalabu walikuwa na shida ndogo tu mbele yao.

Wa kwanza anayestahili kutajwa ni George Stibitz, mtaalamu wa hesabu katika maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani. Mwaka 1937 alichukua vipande vya mitambo ya simu akavipeleka nyumbani kwake, na juu ya meza ya jikoni akaunda kijitambo cha kujumlisha. Mkewe akakipa jina la herufi K, kwa kuwa neno jiko kwa Kiingereza huanza kwa herufi hiyo. Kutokana na mchezo ule wa jikoni kampuni ilipata moyo wa kujenga mtambo mkubwa wa hesabu ngumu, ukawekwa New York, na mwaka 1940 ukaanza kazi.

Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo wanahisabati wa Marekani walikutana katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, New Hampshire, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kutoka New York. Stibitz alitaka kuwaonyesha mtambo wake, lakini mtambo haukuwa kitu cha kubebwa kama mzigo wa safari. Basi aliuacha ulipo. Alichokuja nacho ni mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na waya wa simu. Mgeni aliandika hesabu yake pale Hanover. Alama zake zikasafiri katika waya hadi New York. Mtambo ukafanya hesabu pasipo mtu kuugusa. Na kabla dakika moja haijakwisha, mashine ileile ikaanza kupiga chapa jibu, yenyewe, mbele ya macho yao. Miongoni mwa waliokaa kujaribu walikuwamo Norbert Wiener na John Mauchly, na huyu Mauchly ndiye aliyeshirikiana baadaye na mwenzake Eckert kuunda kompyuta maarufu ya ENIAC. Vitabu vingi vya historia huipita siku hiyo kwa mstari mmoja, na kwa maoni yangu vinakosea. Kabla ya hapo swali lilipelekwa kwa mtu. Siku ile swali lilipelekwa kwa chombo, na chombo kikajibu.

Baada ya hapo ilipita miaka mingi ambayo sitaieleza kwa urefu. Mwezi wa Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha California mjini Los Angeles iliunganishwa na nyingine iliyokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Mafundi walikusudia kuandika neno la Kiingereza la kuingilia, LOGIN. Herufi L ilifika, O ikafika, kisha kompyuta ya mbali ikaanguka. Mtandao uliozaliwa kwa herufi mbili ulikua, ukaenea, ukaungana na mitandao mingine. Lakini kila kompyuta iliendelea kuwa na lugha yake na desturi zake, na mtu aliyetaka habari kutoka katika tano kati yake ilimlazimu kujifunza njia tano za kuuliza.

Shida hiyo ilihisiwa sana huko CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, ambako wataalamu wa mataifa mengi walikuja na kuondoka, kila mmoja na mashine yake. Mwezi wa Machi 1989 Mwingereza mmoja mfanyakazi wa kituo hicho, Tim Berners-Lee, aliandika pendekezo la kuunganisha maandishi yote ya CERN kama utando. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na seva moja na kivinjari kimoja vinavyofanya kazi. Alichobuni hakikuwa mashine. Kilikuwa mapatano: namna moja ya kuandika anwani, namna moja ya kuuliza, na namna moja ya kupanga maandishi yanayorudishwa. Yeyote aliyeyakubali mapatano hayo aliweza kuuliza na kuulizwa, awe na mashine ya namna gani.

Wenzake hawakushangilia. Kilichowavuta kwanza, nami hufurahi kila nikikumbuka, ni kitabu cha namba za simu. Namba za simu za wafanyakazi wa CERN zilihifadhiwa katika kompyuta moja kubwa, na kuzifikia kulikuwa na usumbufu. Utando wa Berners-Lee ukafanywa mlango wa kitabu hicho, na watu wengi wa CERN wakawa wanautumia kwa hilo tu. Chombo ambacho kingekuja kubadili biashara, shule na serikali za dunia kilianza maisha yake kama msaidizi wa mtu aliyesahau namba ya jirani yake wa ofisini.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kuna tofauti ambayo msomaji asipoishika, mengine yote yatampotea. Iko kurasa iliyokwisha andikwa, ambayo ni kama tangazo lililobandikwa ukutani: kila apitaye husoma maneno yaleyale. Na liko jibu linalotengenezwa pale pale, ambalo ni kama karani anayefungua saraka kwa ajili ya aliyeuliza. Kitabu cha simu hakikubandikwa ukutani. Muulizaji aliandika jina, jina likapelekwa, huko mbali programu ikatafuta, ikarudisha mstari mmoja unaohitajika, si kitabu kizima. Hata anwani yenyewe ilionyesha jambo hilo, kwa kuwa maneno yaliyotafutwa yaliwekwa mwishoni mwake baada ya alama ya kuuliza. Alama hiyo ingali ikitumika. Mwanafunzi akitazama anwani ndefu iliyo juu ya kivinjari chake, mara nyingi ataiona imesimama katikati, na yanayoifuata ndiyo swali.

Mwezi wa Septemba 1991 mwanafizikia Paul Kunz, wa kituo cha SLAC huko California, alikuwa mgeni CERN. Berners-Lee alimwonyesha kazi yake. Kurasa za kawaida hazikumshangaza sana Kunz. Kilichomshtua ni kuona swali likitumwa kutoka kwenye mashine ndogo ya mezani kwenda kwenye kompyuta kubwa ya aina nyingine kabisa, na jibu likirudi. Mara moja akakumbuka hazina iliyoko nyumbani.

Hazina hiyo iliitwa SPIRES. Wanafizikia walikuwa na desturi ya kupelekeana kwa posta nakala za makala zao kabla hazijachapishwa katika majarida. Mwenye rafiki wengi katika vyuo vikubwa alizipata mapema. Aliyekuwa katika chuo kidogo, mbali na vituo vikuu, alizipata akiwa amechelewa, au asizipate kabisa, akatumia mwaka mzima kutafuta jambo ambalo wengine walikwisha kulipata. Wakutubi wa SLAC walikuwa wamejitwika kazi ya kuziorodhesha makala hizo tangu miaka mingi, na orodha ilikuwa katika kompyuta kubwa ya kituo. Watu wa nje waliweza kuiuliza, lakini kwa njia ngumu, yenye amri za kukariri.

Kunz alirudi California, na aliyemwelewa upesi kuliko wote alikuwa mkutubi, Bibi Louise Addis. Naona hili si ajabu. Mkutubi ndiye aliyejua, kuliko mafundi wote, ni watu wangapi walio nje ya mlango wakitaka kitu kilicho ndani. Kwa msukumo wake kazi ilifanywa, na tarehe 12 Desemba 1991 seva ya SLAC ilifunguliwa, ikiwa ya kwanza ya namna hiyo nje ya Ulaya. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mfupi mno: viungo viwili tu, kimoja cha kutafuta namba za simu na barua za watu, na kingine cha kuingia SPIRES. Mwezi wa Januari 1992, katika mkutano wa wanafizikia huko kusini mwa Ufaransa, Berners-Lee alimaliza maonyesho yake kwa kuiuliza hazina ile iliyoko ng'ambo ya Atlantiki, nayo ikajibu. Waliokuwapo walirudi makwao wakijua kwamba mtu aweza kukaa Ulaya na kufungua saraka iliyoko California. Utando wa Berners-Lee ulikuwa umepata sababu ya kuenea.

Si kila swali lilikuwa zito hivyo. Katika maabara ya kompyuta ya chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kulikuwa na birika moja la kahawa katika chumba kilichoitwa Trojan Room. Watafiti wengine walikaa orofa nyingine, na mara nyingi walipanda ngazi kwa matumaini wakakuta birika tupu. Mwaka 1991 walielekeza kamera kwenye birika, na vijana wawili, Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky, wakaandika programu mbili: moja ya kutoa picha na nyingine ya kuiomba. Picha ilikuwa ndogo, nukta 128 kwa 128, ya rangi ya kijivu, lakini ilitosha kuonyesha kama kahawa imo ama haimo. Mwezi wa Novemba 1993 wenzao Daniel Gordon na Martyn Johnson wakaiunganisha kamera na utando wa dunia, na kwa kuwa picha ilipaswa kuwa ya wakati ule ule, skripti fupi ilichukua mpya kila ilipoombwa. Watu wa nchi za mbali, ambao hawangekunywa hata tone la kahawa hiyo, walianza kuitazama kwa mamilioni. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001 maabara ilipohamia jengo jipya, na birika lenyewe, lililokwisha haribika, likanunuliwa mnadani na gazeti la Kijerumani la Spiegel Online kwa pauni 3,350.

Mwaka huo wa 1993, katika kituo cha NCSA cha chuo kikuu cha Illinois, mafundi walitengeneza kanuni moja ya kuiwezesha seva yoyote kuita skripti yoyote na kuikabidhi swali la mgeni. Kabla ya hapo kila kituo kilijifanyia lake. Baada ya hapo hata mwanafunzi aliyejua kuandika mistari ishirini ya amri aliweza kuifanya kompyuta yake ijibu watu.

Basi upande wa kujibu ulikuwa umekamilika. Upande wa kuuliza ulikuwa bado mchanga, na ulikuwa na kasoro ya kuchosha. Kila swali, hata likiwa dogo, lilirudisha ukurasa mzima. Ilikuwa kama mteja aliyeingia dukani akauliza bei ya sukari, naye mwenye duka, badala ya kumwambia bei, akamtoa nje, akalibomoa duka, akalijenga upya kuanzia msingi, kisha akamkaribisha ndani ili asome bei mpya rafuni. Kwa mtu mwenye njia ya haraka jambo hilo lilikuwa usumbufu. Kwa mtu mwenye njia ya polepole, anayelipa kwa kila dakika, lilikuwa hasara.

Dawa yake ilianza mwaka 1995, wakati Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alipobuni kwa siku kumi tu lugha ya skripti ambayo ingefanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Lugha hiyo ndiyo JavaScript. Sasa ukurasa ulikuwa na akili kidogo ya kwake: uliweza kuhesabu, kubadili maneno, kujibu kidole cha msomaji. Lakini haukuwa bado na mjumbe mzuri wa kumtuma nje.

Mjumbe alitoka mahali ambapo hakutarajiwa. Katika kampuni ya Microsoft kulikuwa na kikosi kilichotengeneza njia ya kusoma barua pepe kupitia kivinjari. Walitaka barua mpya ionekane bila kuujenga upya ukurasa wote. Alex Hopmann akaandika kipande cha programu ambacho kiliwezesha skripti kutuma swali kimyakimya na kupokea jibu huku msomaji akiendelea na kazi yake. Kivinjari kipya cha kampuni, Internet Explorer 5, kilikuwa karibu kutolewa, na milango ya kuongeza vitu ilikuwa inafungwa. Mlango mmoja ulikuwa wazi bado: mkusanyiko wa programu za kushughulikia maandishi ya XML. Basi mjumbe alipitishwa humo, akabandikwa jina lenye herufi za XML, ambalo baadaye lilijulikana kama XMLHttpRequest, ingawa kazi yake haikuhusiana sana na XML na aliweza kuleta maandishi ya namna yoyote. Mwezi wa Machi 1999 akatoka duniani na herufi hizo, na hajaweza kuzivua mpaka leo. Ndivyo majina mengi ya vitu vikubwa yalivyo; hutokana na haraka ya siku moja.

Kwa miaka kadhaa wachache tu walimtumia. Vivinjari vingine vikamwiga mmoja mmoja. Kisha mwaka 2004 kampuni ya Google ikatoa Gmail, na mwaka 2005 ramani zake, na watu wakashangaa. Mtu akivuta ramani kwa kidole kutoka Nakuru kuelekea Naivasha, ramani nzima hailetwi upya. Vipande vilivyokosekana tu ndivyo huletwa, na kwa kuwa huletwa wakati mtu angali anavuta, huona kama nchi yote ilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Mwezi wa Februari 2005 Jesse James Garrett aliandika makala akaiita mbinu hiyo Ajax, na jambo lililokuwa na umri wa miaka sita likavuma kama jipya.

Mjumbe mwenye nguvu huhitaji mlinzi. Hili wengi hulisahau, na wanafunzi wanaoanza kuandika skripti hulalamika sana wanapokutana nalo. Tangu siku za mwanzo za Netscape iliwekwa sheria kwamba skripti iliyotoka katika nyumba moja haina ruhusa ya kusoma majibu ya nyumba nyingine. Sababu yake ni hii. Mtu akiisha kujitambulisha kwa benki yake kupitia kivinjari, kivinjari huhifadhi alama ya utambulisho na kuionyesha benki kila kinaporudi. Sasa tuseme mtu huyo afungue pia ukurasa wa mwenye nia mbaya. Skripti ya ukurasa huo ingaliweza kutuma swali benki, kivinjari kingeonyesha alama ya mwenyewe, nayo benki ingejibu ikidhani inasema na mteja wake. Mwizi asingehitaji kuvunja mlango. Angetumia mjumbe wa mwenye nyumba. Baadaye ilipatikana njia ya halali ya kupita: seva yenyewe hutaja katika jibu lake ni wageni wa nyumba zipi inaokubali wasome. Isiposema neno, kivinjari hulizuia jibu mlangoni, hata kama limekwisha fika.

Mwaka 2015 vivinjari vikaanza kupokea amri mpya ya kumtuma mjumbe, nayo jina lake la Kiingereza, fetch, maana yake ni "kalete" tu. Amri hiyo haimfanyi skripti angoje. Mara ile ile humpa kitu kiitwacho ahadi, na skripti huendelea na mambo mengine mpaka ahadi itimie au ivunjike. Kuna hila moja hapa iliyowakwaza wengi. Mjumbe akienda, akabisha, akaambiwa kwa namba 404 kwamba kitu kilichotakiwa hakipo, hurudi na kuhesabiwa kuwa ametimiza ahadi, maana alitumwa alete jibu, na jibu ameleta. Ahadi huvunjika pale ombi lenyewe linaposhindwa, kwa mfano njia inapokatika. Mwandishi wa skripti ndiye mwenye wajibu wa kuisoma namba na kuona kama aliletewa chakula au sahani tupu.

Na njia yenyewe ndiyo inayotuleta nyumbani, kwa sababu mjumbe, hata awe mwerevu vipi, hawezi kwenda upesi kuliko barabara yake. Kabla ya mwaka 2009 Kenya haikuwa na mkongo wa nyuzi za kioo chini ya bahari. Maswali yalipitia setilaiti zilizo angani umbali wa kilomita 36,000 hivi. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka; jumla yake ni zaidi ya kilomita 144,000, ambazo hata mwanga, uendao kilomita 300,000 kwa sekunde, huzimaliza kwa karibu nusu ya sekunde. Lakini kulikuwa na jambo gumu kuliko hilo. Kampuni za mtandao za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Mteja wa kampuni moja aliyemwuliza jirani yake wa kampuni nyingine, labda ng'ambo ya barabara, swali lake lilipanda angani, likashuka Ulaya au Marekani, likapanda tena angani, likashuka Nairobi. Na jibu likafuata njia hiyo hiyo kurudi. Karibu sekunde nzima ilipotea safarini tu, na safari yote ililipiwa kwa fedha za kigeni. Ukurasa wenye skripti ya kutuma maswali ishirini, moja baada ya jingine, ungemweka msomaji akingoja sekunde ishirini ili asomewe kitu kilichoko mtaa wa pili.

Mwezi wa Novemba 2000 kampuni kadhaa za Nairobi ziliungana zikafungua kituo cha kubadilishana, KIXP, ambapo maswali ya nyumbani yangekabidhiana mkono kwa mkono bila kwenda ng'ambo. Haikupita hata mwezi kikafungwa. Telkom Kenya, ambayo wakati ule ilikuwa na haki peke yake ya kupitisha mawasiliano ya mtandao kwenda nchi za nje, ilishtaki kwamba kituo kinaingilia haki hiyo, na tume ya mawasiliano ikaamua kwamba hakina leseni. Wenye kampuni walijibu kwamba kituo hakisafirishi chochote kwenda nje; kinazuia tu vitu vya ndani visitoke bure. Ubishi huo ulichukua mwaka mzima. Leseni ikatolewa, na mwezi wa Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Vifaa vyake havikuwa vya ajabu, ungeviweka kabatini. Thamani yake ilikuwa mahali vilipowekwa.

Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, huo wa pili ukitoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na safari ya angani ikaanza kusahauliwa. Mwezi wa Februari 2012, nje ya bandari ya Mombasa, meli moja ilishusha nanga mahali pasiporuhusiwa, nanga ikaukata mkongo wa TEAMS, wakati ambapo mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Maswali yaliyokwenda Ulaya na Marekani yakasongamana katika njia iliyobaki, na wajumbe wengi wakarudi mikono mitupu. Swali lililotoka Nairobi kwenda Nairobi halikuwa na haja ya mkongo ule; lilipita kabatini, likajibiwa.